Chui, Simba na Ukimya: Timu ya Taifa ya Kandanda ya Kongo katika Mashindano ya Kimataifa, 1965–2025

1.0 Utangulizi

Kibati iko kaskazini ya mji wa Goma, katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini, kando ya barabara iendayo Rutshuru. Mahali hapo pako chini ya volkano ya Nyiragongo, na wapandaji wa mlima huanzia hapo safari ya kwenda kileleni. Hata hivyo, wengi wa walio nje ya Kivu walilisikia jina la Kibati kwa sababu ya vita. Mwaka 2008 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya Rutshuru walipiga kambi hapo. Novemba 2012 waasi wa M23 waliteremka kwa barabara hiyo hiyo na kuiteka Goma. Agosti 2013 vilima vya Kibati viligeuka uwanja wa mapambano baina ya waasi hao na jeshi la serikali, likisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi.

Kwa mkaazi wa mahali kama hapo, neno "taifa" halina maana nyepesi. Serikali imewahi kumfikia kwa sura ya askari, na imewahi kumkosa kabisa. Kati ya vitu vichache vilivyoendelea kumfikia kwa jina la taifa, katika vipindi vya vita na vya amani, ni timu ya kandanda. Ndiyo maana swali linaloulizwa katika makala haya si la kimichezo peke yake: timu iitwayo ya taifa imekuwa ya nani, na imesema kwa niaba ya nani?

Makala haya yanaipitia historia ya timu ya taifa ya nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika mashindano ya kimataifa, kuanzia mwaka 1965. Hoja kuu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hiyo timu ilikuwa chombo cha watawala: wao waliipa jina, waliitunuku na waliiadhibu. Wachezaji walikuwa na miguu, lakini ulimi ulikuwa wa mtu mwingine. Jambo hilo lilibadilika hadharani karibu nusu karne baada ya mashindano ya 1974, yaani Februari 2024, katika uwanja wa Abidjan; na badiliko hilo lilihusu mashariki ya nchi, Kibati ikiwa ndani yake.

2.0 Mwanzo wa timu, 1965–1966

Kandanda ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika miji ya Kongo wakati nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Léopoldville ilikuwa na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 na kupewa jina la mfalme wa Ubelgiji. Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, ilikuwa na klabu iliyobeba jina la kampuni ya matairi, yaani Englebert. Baadhi ya wachezaji hodari walikuwa wamekwenda kucheza Ubelgiji.

Timu ya taifa ilishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1965 nchini Tunisia, ikiitwa Kongo-Léopoldville ili itofautishwe na jirani yake wa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville. Haikufua dafu. Ilifungwa na Ghana mabao 5 kwa 2, kisha na Côte d'Ivoire mabao 3 kwa 0, ikarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata Ghana ilikwenda Kinshasa na kuwafunga wenyeji mabao 3 kwa 0. Kipigo hicho kilitokea miezi michache tu baada ya Joseph-Désiré Mobutu kutwaa madaraka, Novemba 1965. Ghana wakati huo ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, na kandanda yake ilikuwa imelelewa na serikali ya Kwame Nkrumah kama alama ya heshima ya bara zima. Mobutu aliusoma mfano huo. Wachezaji waliokuwa Ubelgiji walirejeshwa nyumbani, na timu ikapewa jina jipya: Chui.

3.0 Enzi ya Chui, 1966–1974

Jina hilo lilitolewa kwa lugha ya Kifaransa, nalo halikuchaguliwa ovyo. Katika jamii nyingi za Afrika ya Kati ngozi ya chui ni vazi la mwenye mamlaka. Mobutu alivaa kofia ya ngozi hiyo mpaka ikawa sehemu ya sura yake, na nishani kuu ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1966 iliitwa Nishani ya Chui. Kuiita timu kwa jina hilo kulikuwa sawa na kuivika kofia ya mtawala.

Hapo awali timu ilikuwa ikiitwa kwa jina la simba. Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jambo hili bila ya kulitazama. Mwaka 1964 waasi wa mashariki ya Kongo walijiita Simba, kwa neno la Kiswahili, na walifika hadi kuiteka Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani. Si lazima kudai kwamba jina la timu lilibadilishwa kwa sababu hiyo. Inatosha kuonyesha kwamba kufikia mwaka 1966 neno simba lilikuwa na kumbukumbu ya uasi wa mashariki, ilhali neno chui lilikuwa linajengwa kuwa alama ya dola iliyoko Kinshasa.

Matunda ya uangalizi wa serikali hayakukawia. Januari 1968 mashindano ya Afrika yalifanyika Ethiopia, na kwa mara ya kwanza yalishirikisha timu nane. Kongo-Kinshasa, ikifundishwa na Mhangaria Ferenc Csanádi, ilifungwa na Ghana mabao 2 kwa 1 katika hatua ya makundi, lakini ilisonga mbele. Katika nusu fainali iliwatoa wenyeji Ethiopia kwa mabao 3 kwa 2 baada ya muda wa nyongeza. Tarehe 21 Januari 1968, mjini Addis Ababa, ilikutana tena na Ghana katika fainali, na bao moja la Pierre Kalala likaleta kombe. Miaka miwili haikuwa imetimia tangu kile kipigo cha Kinshasa.

Ushindi huo haukuwa wa timu ya taifa pekee. Klabu ya Englebert ya Lubumbashi ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968, na Vita Club ya Kinshasa ikalitwaa mwaka 1973. Nchi ilikuwa na ligi yenye nguvu, na wachezaji walikuwa wakikutana kila wiki katika viwanja vya nyumbani. Hilo ndilo lililoibeba timu hata pale matokeo yalipoyumba: mwaka 1970 ilitolewa mapema nchini Sudan, na mwaka 1972 nchini Kamerun ilipata nafasi ya nne baada ya kufungwa na Mali mabao 4 kwa 3 katika nusu fainali.

Wakati huo majina yalikuwa yakibadilika kila upande. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire. Siasa ya kurudia asili iliwataka raia waache majina ya Kikristo, hivyo Pierre Ndaye akawa Ndaye Mulamba. Englebert nayo ikalitupa jina la kampuni ya matairi na kubaki na jina la Mazembe. Timu iliyokwenda Tunisia mwaka 1965 na ile iliyokwenda Misri mwaka 1974 ziliwakilisha nchi moja, lakini karibu kila jina lililoandikwa juu yake lilikuwa limefutwa na kuandikwa upya na mkono mmoja.

Machi 1974, huko Misri, Zaire ilifika kilele chake. Ikiwa chini ya Myugoslavia Blagoje Vidinić, ambaye mwaka 1970 aliiongoza Moroko katika Kombe la Dunia, iliwatoa wenyeji kwa mabao 3 kwa 2 katika nusu fainali mjini Cairo. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha kwa sare ya mabao 2 kwa 2 hata baada ya muda wa nyongeza, ikabidi ichezwe tena siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda mabao 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba. Jumla yake katika mashindano yale ilikuwa mabao 9, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia katika shindano moja la Kombe la Mataifa ya Afrika.

4.0 Ujerumani Magharibi, 1974

Kabla ya ushindi wa Misri, Zaire ilikuwa imekwisha kufuzu kwa Kombe la Dunia. Desemba 1973 iliifunga Moroko mabao 3 kwa 0 mjini Kinshasa na kuwa timu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika mashindano hayo. Wachezaji wote 22 waliokwenda Ujerumani Magharibi walikuwa wakicheza katika klabu za nyumbani. Walikwenda kama mabingwa wa Afrika.

Tarehe 14 Juni 1974, mjini Dortmund, walifungwa na Uskoti mabao 2 kwa 0, matokeo yasiyo ya aibu kwa timu ngeni. Lililofuata ndilo lililobaki katika kumbukumbu za ulimwengu. Wachezaji waligundua kwamba marupurupu waliyoahidiwa hayatawafikia, kwa kuwa fedha zilikuwa zimeishia mikononi mwa wakubwa waliosafiri na timu. Walitaka kususa. Hatimaye waliingia uwanjani tarehe 18 Juni mjini Gelsenkirchen kucheza na Yugoslavia, wakafungwa mabao 9 kwa 0, sita kati ya hayo katika kipindi cha kwanza. Mlinda mlango Kazadi Mwamba aliondolewa baada ya bao la tatu. Ndaye Mulamba alitolewa nje kwa kosa lililofanywa na mwenzake Mwepu Ilunga, maana mwamuzi hakuwatofautisha.

Miaka mingi baadaye wachezaji kadhaa walieleza kwamba baada ya mechi ile walipelekewa onyo kutoka kwa Mobutu: wakifungwa na Brazili zaidi ya mabao matatu, wasitarajie kurudi nyumbani. Tarehe 22 Juni walikuwa nyuma kwa mabao, na mechi ilikuwa ikielekea mwisho, Brazili walipopata mpira wa adhabu karibu na lango. Kabla Mbrazili hajaupiga, Mwepu Ilunga alichomoka kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga mpira mbali kwa nguvu zake zote. Alionyeshwa kadi ya njano. Matokeo yalibaki 3 kwa 0.

Tukio hilo limeonyeshwa katika televisheni za dunia mara zisizohesabika kama kichekesho: Mwafrika asiyejua kanuni za mchezo. Mwepu mwenyewe alikuja kusema kwamba kanuni alizijua vizuri, na kwamba alifanya vile makusudi. Mtu aliyeshinda Kombe la Mataifa ya Afrika miezi mitatu kabla hawezi kuwa hajui mpira wa adhabu ni nini. Teke lile lilikuwa maneno ya mtu asiyeruhusiwa kusema: malalamiko juu ya fedha zilizoibwa, hofu ya kurudi nyumbani, na nia ya kupoteza muda ili bao la nne lisiingie. Dunia ililiona teke na haikuyasikia maneno. Mwepu alifariki mwaka 2015, na hadi wakati huo wengi walikuwa bado wakicheka.

Zaire iliondoka Ujerumani bila bao hata moja, ikiwa imefungwa mabao 14. Serikali, iliyokuwa imewakumbatia wachezaji baada ya ushindi wa Misri, iliwapa kisogo. Oktoba mwaka huo huo macho ya Mobutu yalikuwa yamegeukia pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa.

5.0 Kupwaya kwa Chui na kurudi kwa Simba, 1976–1998

Baada ya mwaka 1974 timu ilipwaya kadiri dola ilivyopwaya. Mwaka 1976 mabingwa watetezi walitolewa katika makundi nchini Ethiopia, na Zaire ikajiondoa katika mchujo wa Kombe la Dunia la 1978. Haikuonekana tena katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mpaka mwaka 1988. Katika miaka ya 1990 ilifika robo fainali mara tatu mfululizo na kutolewa kila mara: na Nigeria mwaka 1992 na 1994, na Ghana mwaka 1996. Wachezaji wenye vipaji hawakukosekana, ila sasa walikuwa wakitafuta riziki ng'ambo, na ligi iliyowalea waliotangulia ilikuwa imechoka pamoja na uchumi wa nchi.

Maisha ya Ndaye Mulamba yanatoa picha ya kipindi hicho kuliko takwimu zozote. Mwaka 1994 alialikwa Tunis kuenziwa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Baada ya kurejea nyumbani alivamiwa na watu wenye silaha na kupigwa risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town katika umaskini. Mwaka 1998, katika mashindano yaliyofanyika Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumkumbuka, kwa kuwa zilikuwa zimeenea habari kwamba amekufa. Alikuwa hai. Alifariki Januari 2019, miaka ishirini na zaidi baada ya kuombolezwa.

Timu iliyokuwa Burkina Faso mwaka huo ilikuwa na jina jingine. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, baada ya kuanzia vita mashariki ya nchi. Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Chui wakawa Simba. Kabila alikuwa amepigana katika uasi wa mashariki wa miaka ya 1960, na alikuwa ameishi kwa miaka mingi Tanzania. Kwa hiyo neno la Kiswahili lililokuwa la waasi mwaka 1964 lilirudi likiwa jina rasmi la timu ya taifa. Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kivu na Katanga, ambao walikuwa wamezoea kuona nchi ikisemewa kwa Kifaransa na Kilingala, hili lilikuwa jambo la kuonekana. Lakini namna ya kulitoa haikubadilika: mtawala mpya alikuwa amefuta jina la mtawala wa zamani na kuandika lake. Baadaye, Kabila alipokwisha kuondoka, jina la Chui lilirejeshwa.

Simba hao walifanya vizuri. Wakifundishwa na Louis Watunda, waliitoa Kamerun katika robo fainali kwa bao 1 kwa 0, wakafungwa na Afrika Kusini mabao 2 kwa 1 katika nusu fainali baada ya muda wa nyongeza. Katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu dhidi ya wenyeji walikuwa nyuma kwa mabao 4 kwa 1 zikiwa zimesalia dakika chache, wakasawazisha yote, kisha wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Hiyo ilikuwa Februari 1998. Tarehe 2 Agosti mwaka huo huo vita vya pili vya Kongo vilianza mashariki, na Goma ikawa makao ya waasi wa RCD.

6.0 Timu moja, nchi iliyogawanyika, 1998–2016

Kuanzia hapo timu ya taifa ilikuwa na hali isiyo ya kawaida. Iliendelea kushiriki mashindano ya Afrika ilhali sehemu kubwa ya nchi haikuwa chini ya serikali iliyoituma. Mwaka 2002 nchini Mali ilifika robo fainali na kutolewa na Kamerun. Goma wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa RCD, na Januari mwaka huo huo lava ya Nyiragongo ilikuwa imepita katikati ya mji. Mwaka 2006 nchini Misri ilifika tena robo fainali. Ramani ya nchi ilikuwa imechanika, lakini jedwali la mashindano halikuonyesha mchaniko huo: liliandika Kongo, na lilimaanisha nchi nzima.

Jambo hili linaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwa upande mmoja, timu ilihifadhi wazo la nchi moja wakati ambapo taasisi nyingine zilishindwa. Kwa upande mwingine, ilisaidia kuuficha mpasuko: aliyeitazama uwanjani angeweza kudhani kwamba nchi ni nzima. Kwa miaka mingi hakukuwa na ishara yoyote, si katika fulana wala katika maneno ya wachezaji, iliyomweleza mtazamaji wa ugenini kwamba nusu ya nchi hiyo inaungua.

Mafanikio yaliendelea kuja, hasa kwa wachezaji wa nyumbani. Machi 2009 Kongo ilitwaa kombe la kwanza la CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, kwa kuifunga Ghana mabao 2 kwa 0 mjini Abidjan. Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter Milan huko Abu Dhabi. Mwaka 2015 nchini Guinea ya Ikweta timu ya taifa, chini ya Florent Ibenge, ilikuwa nyuma kwa mabao mawili dhidi ya Kongo-Brazzaville katika robo fainali, ikageuza na kushinda 4 kwa 2; hatimaye ilipata nafasi ya tatu.

Mashindano ya CHAN ya mwaka 2016 yaliigusa Goma kwa ukaribu zaidi, kwa kuwa yalifanyika Rwanda. Mojawapo ya viwanja vyake ulikuwa Rubavu, mji unaopakana na Goma kiasi kwamba mipaka inavukwa kwa miguu. Tarehe 30 Januari 2016 Kongo ilikutana na Rwanda katika robo fainali mjini Kigali, ikashinda mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Tarehe 7 Februari iliifunga Mali mabao 3 kwa 0 na kutwaa kombe. Baina ya nchi mbili zilizolaumiana kwa miongo miwili juu ya vita vya Kivu, mechi hiyo haikuweza kuwa mechi tu, ingawa pande zote mbili zilijitahidi kuichukulia hivyo.

7.0 Abidjan, Februari 2024

Kombe la Mataifa ya Afrika lililoitwa la 2023 lilichezwa Côte d'Ivoire Januari na Februari 2024. Timu ya Kongo, chini ya Mfaransa Sébastien Desabre na nahodha Chancel Mbemba, ilitoka sare mechi zote tatu za makundi. Ya mwisho, iliyochezwa Korhogo tarehe 24 Januari, ilikuwa dhidi ya Tanzania: nchi mbili ambazo Kiswahili ni lugha ya taifa katika kila moja zilimaliza bila bao. Kisha Kongo iliitoa Misri kwa mikwaju ya penalti 8 kwa 7, mlinda mlango Lionel Mpasi akipiga mkwaju wa mwisho, na ikaifunga Guinea mabao 3 kwa 1.

Timu hii ilikuwa kinyume cha ile ya 1974. Wale wa 1974 wote walikuwa wakicheza nyumbani. Katika kikosi cha 2024, Cédric Bakambu, Arthur Masuaku, Gaël Kakuta, Yoane Wissa na Mpasi wote walizaliwa Ufaransa. Palikuwa na sababu ya kudhani kwamba watu wa namna hii wangekuwa mbali zaidi na mateso ya Kivu.

Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali dhidi ya wenyeji, wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Kongo walisimama kwa mstari. Kila mmoja aliziba mdomo kwa kiganja kimoja, na kwa mkono mwingine akaelekeza vidole viwili kwenye kipaji kama bastola. Siku hizo hizo mapigano yalikuwa yamefika Sake, kilomita zipatazo 25 magharibi ya Goma, na watu walikuwa wakimiminika kuingia mjini kama walivyokuwa wamefanya kwa njia ya Kibati miaka iliyotangulia. Ishara ilieleweka bila mkalimani: watu wanauawa, na dunia imenyamaza. Kongo ilifungwa bao 1 kwa 0, na siku tatu baadaye ikapoteza nafasi ya tatu kwa Afrika Kusini kwa mikwaju ya penalti. Lakini picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya dakika ile ya wimbo.

Ulinganifu na mwaka 1974 haukwepeki. Mwepu alikuwa na jambo la kusema, hakuwa na njia ya kulisema, na mwili wake ulipolitamka dunia ilidhani ni ujinga. Nusu karne baadaye mwili ulitumika tena, lakini safari hii kwa makubaliano, mbele ya kamera, kwa lugha ambayo mwenyeji wa Abidjan, wa London na wa Goma waliielewa kwa pamoja. Huenda wachezaji hawa waliweza kwa sababu riziki yao haikuwa mikononi mwa dola ya nyumbani. Aliyezuiwa kuondoka alinyamazishwa; aliyezaliwa mbali alipata nafasi ya kusema.

Ni jambo la maana pia kwamba hawakutumia lugha yoyote. Jina la Chui lilitolewa kwa Kifaransa, jina la Simba kwa Kiswahili, nyimbo za mashabiki wa Kinshasa ni za Kilingala. Msemaji wa Goma, ambaye husema mupira pale Mtanzania asemapo mpira, amezoea kuona lugha yake ikiwa pembeni mwa mambo ya taifa. Katika ishara ya Abidjan hapakuwa na lugha ya katikati wala ya pembeni.

8.0 Hitimisho

Haifai kuipa ishara uwezo isiokuwa nao. Haikuzuia vita. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma kwa mara ya pili. Tarehe 6 Februari 2025, siku moja kabla ya kutimia mwaka tangu nusu fainali ya Abidjan, waasi hao walifanya mkutano wao wa hadhara katika Stade de l'Unité, uwanja wa kandanda wa Goma. Mahali pa mpira palikuwa tena mahali ambapo mwenye silaha huzungumza na wengine husikiliza.

Timu nayo iliendelea na safari yake. Novemba 2025, mjini Rabat, iliitoa Kamerun kwa bao la dakika za mwisho la Mbemba, kisha Nigeria kwa mikwaju ya penalti, na kuingia katika mchujo wa mwisho wa mabara kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2026. Na katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililoanza Moroko Desemba 2025, shabiki mmoja wa Kongo alijulikana kote kwa kusimama mechi nzima bila kutikisika, mkono mmoja juu, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba. Ukimya ulikuwa umetoka uwanjani na kupanda jukwaani.

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba makombe ya 1968 na 1974 yalikuwa ya kweli, na waliyoyaleta wanastahili heshima ambayo wengi wao hawakuipata wakiwa hai. Hata hivyo makombe hayo yalitwaliwa chini ya jina alilolichagua mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeyafaidi. Kombe halikuletwa kutoka Abidjan mwaka 2024. Kilicholetwa ni kwamba, kwa mara ya kwanza mbele ya bara zima, timu ya taifa iliyataja mateso ya Kivu kuwa ni mateso ya taifa. Kwa mtu wa Kibati, aliyewahi kuhesabiwa na mashirika ya misaada zaidi kuliko na serikali yake, hapo ndipo jina "timu ya taifa" lilipoanza kuwa na maana inayomhusu.